Jinsi Shule Zetu Zilivyokuja Kukaa Kando ya Barabara

Ndugu wana-Urambo, mlio nyumbani na mlio mbali,

Tumezoea kuchangishana kwa ajili ya madarasa, madawati na zahanati. Safari hii tunaomba pia chokaa, rangi na matairi chakavu. Ili ombi hili lieleweke, tuanze na historia.

Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Nyingine ni Kongwa na Nachingwea. Mradi ulishindwa, lakini mashamba yaliyofyekwa yalibaki, na baadaye tumbaku ikashika nafasi ya karanga.

Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Vijiji vingi nchini vilipangwa kandokando ya barabara ili lori la pembejeo na gari la mganga yafike kwa urahisi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Shule zikajengwa kwa nguvu za wananchi, palepale kijiji kilipo. Wazee wetu hawakukosea: barabara ilikuwa ya vumbi, na magari yalikuwa ya kuhesabu.

Mwaka 2002 ulipoanza MMEM, wanafunzi waliongezeka. Baadaye lami ikafika kutoka Tabora, na bodaboda zikajaa. Shule imebaki pale pale. Kilichobadilika ni mwendo. Sheria inasema mwisho ni kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini lami iliyonyooka haimkumbushi dereva. Mtoto wa darasa la kwanza bado hawezi kupima kasi ya gari, na kaka yake aliyempakia kwenye keria ya baiskeli hana njia yake pembeni.

Wenzetu Dar es Salaam wametangulia. Shirika la Amend lilikagua mazingira ya shule moja baada ya nyingine, kisha likaweka matuta, vivuko, njia za miguu na alama. Mahali pengine lango la shule lilihamishwa tu kutoka upande wa barabara yenye magari mengi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019.

Kujaribu kabla ya kujenga nako si jambo geni. Mwaka 2009 jiji la New York lilifunga sehemu ya mtaa wa Broadway, pale Times Square, kwa vizuizi na viti vya kukunja. Watu waliona matokeo, na mwaka uliofuata jiji likaamua mabadiliko hayo yawe ya kudumu.

Nasi tuanze hivyo. Wazazi na walimu wahesabu kwa wiki moja watoto wanavuka wapi na saa ngapi. Kisha tuchore kivuko kwa chokaa, tupange matairi yaliyopakwa rangi nyeupe ili njia ya magari iwe nyembamba na ya baiskeli ionekane, halafu tuhesabu tena. Watoto wakikwepa kivuko, tukisogeze. Chokaa husogezwa, zege halisogezwi.

Haya hayafanyiki kiholela. Barabara kuu iko chini ya TANROADS na za wilaya chini ya TARURA, kwa hiyo tutaanza na njia za wilaya zinazoingia shuleni, kwa kibali na kwa kushirikiana na polisi wa usalama barabarani. Hesabu zetu ndizo tutakazopeleka TANROADS tukiomba matuta na vivuko vya kudumu kwenye lami.

Wazazi wetu walifyatua tofali ili tupate pa kusomea. Sisi tunaombwa ndoo ya rangi ili wajukuu wao wafike darasani na warudi nyumbani salama. Karibuni tuchangie.