Deni la Kaburi

Katika sheria ya dini yetu, maiti ana haki nne juu ya waliobaki hai: aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe. Ni fardhi kifaya. Wakiitimiza wachache, wengine wote husalimika. Asipopatikana wa kuitimiza, mji mzima hubeba dhambi. Mafakihi hawakuweka sharti kwamba maiti huyo awe alipendwa na watu. Haya niliyasoma chuoni nikiwa mtoto, lakini maana yake niliiona nikiwa mtu mzima, tena mbali na bahari, huko Malolo, Ruangwa, katika mkoa wa Lindi.

Nilikwenda huko kwa shughuli ya tafsiri, nikakuta msiba. Aliyefariki alikuwa miongoni mwa waliosimamia Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, pale watu walipotakiwa kuyaacha makazi yao ya asili na kukusanyika katika vijiji vya ujamaa. Kusini, kuhama huko kulikuwa na uchungu wa peke yake, kwani mtu aliiacha nyuma mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake, ikamezwa na pori. Zao la korosho, lililokuwa limefikia kilele mwanzoni mwa miaka hiyo, liliporomoka kwa muda mrefu, na uhamisho ule ni mojawapo ya sababu zake. Wapo waliomkumbuka marehemu kwa shule iliyokuja na kijiji, na wapo waliomkumbuka kwa nyumba zilizobomolewa. Wote niliwaona makaburini wakipokezana majembe. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu alinihesabia mikorosho aliyoipoteza, mti baada ya mti, kisha akainuka kwenda kutia udongo. Hakuna aliyedai kwamba marehemu hakukosea, wala hakuna aliyesema asizikwe.

Jirani na Ruangwa ipo Nachingwea, na hapo pana kisa kilichokwenda kinyume na hicho. Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaukatia tamaa mwaka 1951. Mojawapo ya mashamba yaliyobaki Nachingwea, Shamba Namba 17, baadaye likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakipigania uhuru wa Msumbiji. Ni kambi ya fahari katika historia yetu, na fahari hiyo ni ya haki. Lakini mwezi Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Juni 25, mchungaji Uria Simango alisimamishwa hapo mbele ya Samora Machel na umati wa wapiganaji, akasomeshwa waraka mrefu wa kukiri usaliti.

Simango hakuwa mtu mdogo. Alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO tangu chama kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu Februari 3, 1969, yeye, Machel na Marcelino dos Santos waliwekwa waongoze kwa pamoja. Mwaka huohuo alitoa waraka mkali wa kuwashutumu wenzake, akatengwa, akafukuzwa. Mwaka 1974 alirudi Msumbiji akajiunga na wapinzani wa FRELIMO. Kwa wengine ni msaliti aliyeugawa umoja vita vikiwa bado havijaisha; kwa wengine ni mtu aliyedai uchaguzi akajibiwa kwa kifungo. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Ninalolijua ni kwamba baada ya Nachingwea alipelekwa kwao kifungoni, akauawa bila ya kesi mahakamani, na kaburi lake halikuonyeshwa. Mkewe, Celina, naye aliuawa. Mwana wao Daviz alikua, akawa meya wa Beira tangu mwaka 2003 hadi alipofariki Februari 2021. Mwana aliombolezwa akazikwa. Baba hana mahali ambapo mtu angeweza kwenda na ua.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba namwonyesha kibanzi cha jirani. Abdalla Kassim Hanga alikuwa makamu wa Mzee Karume katika siku za mwanzo za Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1969 alirejeshwa Unguja kutoka Bara akiwa mahabusi, na hakuonekana tena. Miaka mitatu baadaye, Aprili 7, 1972, Mzee Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi. Naye pia ni mtu ambaye watu wetu hawajapatana juu yake: kuna nyumba zinazomwita mkombozi, na kuna nyumba ambazo jina lake hufungua kidonda. Hata hivyo amelala Kisiwandui, kaburi lake linajulikana, na kila Aprili husomewa khitma. Hivyo ndivyo inavyopasa, wala simwonei choyo. Nauliza tu: Hanga asomewe wapi?

Najua jibu la aliyeumizwa. Atasema kwamba kumlilia aliyenidhulumu ni kunidhulumu mara ya pili. Neno hilo lina uzito, na sitaki kulipita upesi. Lakini mzee wa Malolo hakumsamehe mtu kwa kutia udongo. Mikorosho yake aliihesabu kabla ya kuinuka, na naamini aliihesabu tena jioni. Kaburi halifuti deni la marehemu. Linalipa deni letu kwake, ambalo ni jingine kabisa. Tena aliyezikwa mbele ya watu anaweza kuzungumzwa, mema yake na mabaya yake, kwa kuwa kifo chake kina tarehe na mahali. Aliyefichwa hubaki uvumi, na uvumi haufanyiwi hesabu. Waliodhani wanaimaliza fitina kwa kumnyima mtu kaburi waliirithisha kwa watoto.

Nimalizie kwa kosa langu mwenyewe. Miaka iliyopita alifariki kiongozi mmoja aliyetugawa, simtaji. Jamaa zake waliniomba beti chache za tanzia. Nikakataa, na nikajivunia kukataa kwangu, nikidhani kwamba kalamu yangu imewatetea walioonewa. Haikuwatetea. Iliwanyima tu mayatima neno la kulilia, na mayatima wale hawakumwonea mtu. Tanzia si hukumu wala si hati ya sifa. Mtunzi anaweza kusema kwamba mtu huyu alikosea, kisha akamwombea. Nimeanza kuziandika beti hizo sasa, zimechelewa, na nitazipeleka hivyo hivyo.