Djembe yetu imepasuka ngozi

Mliouliza kwa nini Ijumaa hakukuwa na ngoma, jibu ni hili: djembe kubwa imepasuka. Hakuna aliyeipiga vibaya. Tuliiacha chini ya bati mchana kutwa, kamba zimekazwa hadi mwisho, jua likafanya kazi yake. Saa tisa ukatoka mlio kama wa risasi. Baadhi yetu tulishalala chini kabla ya kuelewa kwamba ni ngozi ya mbuzi tu. Tulicheka baadaye, si palepale.

Tulipoanza kutafuta namna ya kuitengeneza, tukajikuta tunasoma historia. Wiki hii basi tunawaandikia hiyo.

Kwanza jina. Djembe si jembe la kulimia, ingawa hapa kambini utani huo hauishi. Kwao ni nchi ya Wamandinka na Wabambara: Guinea ya juu, kusini mwa Mali, hadi kaskazini mwa Côte d'Ivoire. Wachongaji wake tangu zamani ni numu, yaani koo za wafua chuma. Ukifikiri utaona ina maana: anayetengeneza shoka na tezo ndiye anayejua kuvitumia kwenye gogo. Na ni gogo moja zima, bila kiungo wala gundi, urefu kama sentimita 60, mdomo wa sentimita 30 na kitu. Bila ngozi yake inafanana kabisa na kinu, na huko kwao wako wanaosema ilianzia kwenye kinu. Mama jirani aliiona yetu ikiwa wazi akauliza kama anaweza kuichukua atwangie sombe. Ilibidi tuigeuze aone kwamba chini nako kuna tundu.

Miti yao ina majina ambayo hatukuyajua, lakini kumbe ina ndugu huku kwetu. Lenge ni ndugu wa mbambakofi. Jala ni ndugu wa mkangazi. Gueni ni ndugu wa mninga. Mvule wao ndio mvule huuhuu wetu. Yote ni miti mizito na migumu, na fundi huitaka kwa sababu hiyo: mti laini humeza sauti na hupasuka mapema. Djembe yetu ilinunuliwa sokoni na shirika moja, ni nyepesi, na hakuna anayejua ni mti gani. Sauti yake ni nzuri kiasi. Tusijidanganye zaidi ya hapo.

Leo miti hiyo inakwisha. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubaliana kudhibiti biashara ya gueni, na mwaka 2022 kule Panama wakaongeza jamaa zake wa Afrika pamoja na wale wa lenge na jala. Wachonga ngoma si ndio walioimaliza. Magogo ya gueni yalipakiwa kwenye meli kwenda Asia yakawa samani.

Sasa hizi kamba. Sisi tulidhani kamba na pete za chuma ni za asili, za mababu. Sivyo. Zamani ngozi ilishikwa kwa vigingi vya mti au ilifungwa kwa nyuzi za ngozi, na kabla ya kupiga walikoka moto wa majani makavu wakaipasha hadi ikaze. Ikilegea katikati ya sherehe, unairudisha motoni. Pete za chuma na kamba za naylon zilishika njia baada ya djembe kuanza kusafiri.

Aliyeianzishia safari hiyo ni Keïta Fodéba, mwalimu na mwandishi wa Guinea, aliyeunda kikundi cha ngoma na michezo akiwa Paris, miaka ya 1950 inapoanza. Tarehe 28 Septemba 1958 Guinea ilipiga kura kuikataa Ufaransa, tarehe 2 Oktoba ikawa huru, na kikundi kile, Les Ballets Africains, kikawa cha taifa. Ngoma iliyopigwa shambani watu wakilima, na usiku wa harusi, sasa iko jukwaani chini ya taa za umeme, Ulaya na Marekani. Pale jukwaani utakoka moto wapi?

Fodéba mwenyewe akawa waziri. Mwaka 1969 serikali ileile aliyoitumikia ilimfunga Camp Boiro, Conakry, ikamuua. Watu wengi mno waliikimbia Guinea miaka ile, wakaishi Senegal na Côte d'Ivoire kama tunavyoishi sisi hapa. Rais Sékou Touré alipokufa mwaka 1984, wapigaji nao walianza kutoka wakafundishe nje. Mamady Keïta, mtoto wa kijiji cha Balandugu aliyechukuliwa na kikundi cha taifa mwaka 1964 akiwa bado mdogo, alifungua shule yake Brussels mwaka 1991. Kwa hiyo djembe inayouzwa leo kila soko la watalii ilipitia mikononi mwa watu walioondoka kwao. Hili halikuandikwa kwenye karatasi ya msaada tuliyosaini.

Wenzetu Warundi walitusikiliza wakacheka. Ingoma yao hupigwa kwa fimbo, si kwa mikono, na ngozi ya ng'ombe bado inashikwa kwa vigingi hadi leo. Mti wake wanauita umuvugangoma, mti unaosemesha ngoma. Mzee mmoja wao ndiye aliyekuja kututazamia kazi. Hajawahi kushika djembe, ila ngozi anaijua.

Alitukataza ngozi ya kiwandani, ile iliyotiwa dawa. Tukapata ya mbuzi jike kutoka kwenye harusi ya Jumapili. Walitaka hela, tukaelewana tutawapigia bure siku ya kumtoa mtoto nje. Tuliiloweka usiku kucha, tukaivika kwenye pete ikiwa mbichi, kamba tukazivuta kidogo tu, manyoya tukayanyoa kwa wembe. Mmoja wetu alitaka kuikaza siku hiyohiyo. Mzee akamnyang'anya fimbo ya kukazia. Ngozi mbichi ukiilazimisha inanyooka ovyo, haitakuja kulia vizuri tena.

Kwenye mti tulikuta ufa mwembamba na vitundu vya dumuzi. Ufa tuliuziba kwa gundi na unga wa mbao. Huko kwao mti hupakwa mafuta ya shea. Sisi tumepaka ya kula, kidogo, nje na ndani, ngozi hatukuigusa. Tangu sasa atakayepiga avue pete kwanza, na ikiisha kupigwa ilale ndani, kivulini, mbali na bati.

Ninyi wa mashirika mnaotusoma, msituletee nyingine kwanza. Tunahitaji kamba ya naylon isiyovutika, unene wa milimita 5, mita 20 hivi. Hii iliyopo imeshakatika sehemu mbili na tumeifunga mafundo.

Ngozi inakauka nyumbani kwa mzee. Jumamosi asubuhi tunaikaza. Wenye mikono ya nguvu waje mapema.