Sita Nyeusi: Ndege ya Adui Iliyopata Wapenzi Uingereza

Wasomaji wetu mnaoishi Uingereza mtakuwa mmeshaliona jambo hili, au mmelisikia. Kila kiangazi maelfu ya watu hulipa kiingilio kwenda Duxford, karibu na Cambridge, kutazama ndege za kivita za zamani zikiruka. Spitfire hushangiliwa, na hilo si ajabu. La ajabu ni kwamba ikitokea Messerschmitt, ndege ya Kijerumani iliyokuja mwaka 1940 kupigana juu ya vichwa vya wazee wao, watu hao hao huacha chai yao na kukimbilia uzioni. Mgeni hujiuliza: hawa wanashangilia nini?

Sababu moja ni uchache wake. Messerschmitt 109 ziliundwa zaidi ya 33,000. Vita vilipokwisha mwaka 1945, karibu zote zilivunjwa zikawa vyuma chakavu. Hata hizi tunazoziona angani, nyingi ni machotara: ziliundwa Hispania baada ya vita, umbo la Messerschmitt, injini ya Merlin ya Rolls-Royce, jamii ile ile iliyokuwamo ndani ya Spitfire. Ndizo zilizocheza nafasi ya Wajerumani katika filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969. Na historia ina vichekesho vyake, kwani Messerschmitt 109 ya kwanza kabisa iliporuka mwaka 1935, injini ya Kijerumani haikuwa tayari, ikabidi ifungwe injini ya Rolls-Royce.

Kwa hiyo mtu anapopata iliyo halisi, yenye injini yake ya Daimler-Benz, huishika kama lulu. Iliyo mashuhuri kuliko zote hapa Uingereza ni ile iitwayo Black 6, yaani Sita Nyeusi, kwa ajili ya namba iliyoandikwa ubavuni. Ilitoka kiwandani Leipzig mwaka 1942. Novemba mwaka huo huo, jeshi la Rommel likirudi nyuma baada ya El Alamein, wanahewa wa Australia waliikuta imetelekezwa katika uwanja wa Gambut, Libya. Wakaitengeneza, wakaipaka alama zao, na mkuu wao Bobby Gibbes akairusha mwenyewe. (Vijana wetu wa Afrika Mashariki nao walipelekwa Mashariki ya Kati kwa maelfu katika vita hivyo, katika vikosi vya kazi. Makumbusho yao bado sijayaona.)

Ikasafirishwa hadi Uingereza, marubani wa RAF wakaitumia kujifunza nguvu na udhaifu wa adui. Baada ya hapo ikawa ya kuhamishwa kutoka ghala moja hadi jingine, hadi mwaka 1972, afisa mmoja wa RAF, Russ Snadden, alipoanza kuifufua pamoja na wenzake wa kujitolea, katika nafasi walizozipata nje ya kazi. Walitumia miaka 19. Tarehe 17 Machi 1991 ikaruka tena.

Wanaokumbuka malori ya zamani ya kupigwa hendeli watauelewa uhondo wake. Fundi husimama ubavuni akazungusha hendeli, gurudumu zito la ndani likaanza kulia, kwanza kwa sauti nzito halafu nyembamba, mpaka rubani avute, injini ishike na moshi utoke. Spika haiwezi kukupa hayo, wala ndege iliyofungiwa ndani ya jumba. Hapo nawaelewa kabisa wapenzi hawa.

Lakini ndege hii ni mkorofi. Miguu yake ya magurudumu imekaribiana mno, na hata wakati wa vita marubani wengi waliangushwa nayo wakipaa au wakitua, bila adui kuwagusa. Sita Nyeusi ilikwisha kupangiwa kustaafu na kuingia makumbusho. Tarehe 12 Oktoba 1997, katika onyesho lililokusudiwa kuwa la mwisho, injini ilileta matatizo juu ya Duxford. Ilishindwa kutua ndani ya uwanja, ikavuka barabara kuu ya M11, ikapinduka chali shambani. Rubani alitoka salama. Ndege ilitengenezwa upya kwa ajili ya kutazamwa tu, na mwaka 2002 ikawekwa katika Makumbusho ya RAF, Hendon. Haijaruka tena, na kwa maoni yangu ni sawa. Lulu ya namna hiyo haichezewi kamari kila Jumapili.

Wapo wanaonung'unika kwamba kuishangilia ndege ya namna hii ni kuusahau Unazi. Hoja hiyo siitupi. Katika kambi ya Gusen, huko Austria, wafungwa walifanyizwa kazi kwa nguvu kutengeneza sehemu za Messerschmitt, na wengi walifia huko. Mchambuzi wa mabawa na bunduki asipolitaja hilo, amesimulia nusu ya ndege.

Hata hivyo, wakati mwingine ni mafundi wenyewe wanaoifukua nusu ya pili. Julai 1943, Focke-Wulf 190 moja ilizimikiwa injini karibu na Leningrad. Rubani aliituliza msituni ikiwa nzima, akatekwa. Ndege ikabaki palepale, miti ikaota kuizunguka, mpaka ilipogunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ikatolewa na baadaye kuingia katika mkusanyiko wa tajiri Paul Allen wa Marekani. Kwa kuwa walitaka iruke kwa injini yake yenyewe, ilibidi mafundi waifungue yote. Ndani ya njia ya oili walikuta takataka zilizoiziba. Risasi haikuhusika. Inaaminika ziliwekwa makusudi kiwandani, na mikono ya watu waliolazimishwa kuiunda.

Wakaisafisha, wakaifunga. Desemba 2010 ikaruka kwa injini ile ile.