Kusoma Mwangwi wa Ziwa

Msomaji, ukipita Gikomba asubuhi na mapema, upande wa wauza samaki, utamkuta sangara amelazwa juu ya meza, ngege kando yake, na omena wamemwagwa mafungumafungu juu ya magunia. Huko pia huuzwa mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara aliyekwisha kunyofolewa minofu viwandani, nayo imekuwa kitoweo cha nyumba nyingi ambazo mnofu wenyewe haziuwezi. Samaki hawa wametoka mbali. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na ikawa njia ya watu wa Nyanza na samaki wa Nyanza kuja katika mitaa ya mashariki ya mji huu: Muthurwa, Makongeni, Kaloleni. Upo hata mtaa uitwao Ziwani, ijapokuwa ziwa halipo. Mnunuzi wa Gikomba huuliza bei, wala si ajabu. Lakini liko swali lililo kubwa kuliko bei: ni nani ajuaye samaki waliobaki majini ni wangapi, naye amewahesabuje hali hawaonekani?

Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kambani, na kwa hiyo walijua kina cha maji na hali ya mchanga ulio chini. Kamba ya bildi, hata hivyo, hupita katikati ya kundi la samaki isilete habari yoyote. Ili kuwapata samaki ilihitajiwa sauti.

Mwaka 1826, katika Ziwa la Geneva, Daniel Colladon na Charles Sturm walifanya jaribio ambalo nadhani kila shule iliyo karibu na maji ingelipenda kulirudia. Usiku, katika mashua moja, kengele iligongwa chini ya maji, na papo hapo baruti ikawashwa ili mwanga uonekane. Katika mashua ya pili, umbali wa zaidi ya kilomita 13, msikilizaji alitia mwanzi wa bati majini, akauona mwanga, kisha akahesabu muda mpaka sauti ilipomfikia. Waliona kwamba sauti hukimbia katika maji yale ya baridi mita 1,435 kwa sekunde, mwendo uzidio mara nne ule wa sauti hewani.

Maarifa hayo yalikaa karibu miaka 90 bila kumfaa mvuvi. Kuzama kwa meli Titanic mwaka 1912 ndiko kulikowaamsha watu. Alexander Behm wa Ujerumani alipata hataza mwaka 1913 kwa kifaa cha kupimia kina kwa mwangwi. Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, aliupata mwangwi wa mlima wa barafu baharini mwaka 1914. Na wakati wa Vita Kuu Paul Langevin wa Ufaransa alitumia mawe ya kwatsi, ambayo hutetemeka yakipitishiwa umeme, ili kuzitafuta nyambizi. Kama ilivyo desturi ya dunia, fedha za vita zilitangulia na chakula kikafuata. Mwaka 1935 Oscar Sund wa Norwe alichapisha picha ya mwangwi wa makundi ya samaki wa Lofoten, na mwaka 1948 ndugu wa ukoo wa Furuno, huko Nagasaki, walianza kuwauzia wavuvi chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo hasa.

Sasa nikueleze chombo chenyewe. Chini ya mashua hutoka mlio mfupi, mwembamba mno hata sikio la mtu haliusikii. Mlio hushuka kwa umbo la pia iliyopinduliwa, hugonga kitu, kisha hurudi. Katika maji ya Nyanza yenye joto, sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Basi mwangwi wa kitu kilicho mita 30 chini hurudi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde. Mtu akiyapangia maji hayo mwendo ule wa Geneva, ataisoma sakafu iliyo mita 40 kana kwamba ina mita 38 na kidogo.

Kinachorudisha sauti kwa nguvu si nyama ya samaki, maana nyama yafanana mno na maji. Ni kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake, kile kile ambacho kwa sangara huitwa bondo, hukaushwa na kuuzwa Uchina kwa bei kubwa. Na ile alama yenye umbo la upinde haionyeshi mgongo wa samaki kupinda. Mashua inapomkaribia, umbali hupungua, inapompita, huongezeka, karatasi imeandika umbali tu. Mwanafunzi wa chombo hiki hana budi kulifahamu jambo hilo kwanza, la sivyo ataona umbo pale palipo mwendo.

Kuna pia kitasa cha kuongeza nguvu ya kupokea. Kikizidishwa, kelele za injini na mapovu hugeuka kuwa samaki, na ziwa huonekana limejaa. Kikipunguzwa, omena hufutika kabisa. Tena wako mabuu wa wadudu wa ziwani, wale ambao wakiruka hufanana na moshi juu ya maji. Baadhi yao wana vifuko vya hewa, na usiku hupanda juu kwa wingi. Mwangwi wao wafanana na wa dagaa.

Huenda ukauliza haya yote yamletea nini mtu wa Jericho au Shauri Moyo. Jibu limo katika historia ya ziwa. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilichunguza kwa nyavu, akashauri ngege wasivuliwe kwa nyavu zenye macho yasiyotimia inchi 5. Mwaka 1947 kituo cha utafiti kilianzishwa Jinja. Kuanzia 1969 hadi 1971 nyavu za kukokota zilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya samaki waliopatikana walikuwa furu wadogo. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, aliongezeka ghafula katika miaka ya 1980, akawala furu wengi na kubadili ziwa zima. Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa kuunda shirika la pamoja la uvuvi, makao yake Jinja, na mwaka 1999 uchunguzi wa ziwa zima kwa mwangwi ukaanza.

Kati ya 1999 na 2001 mwangwi ulionyesha sangara wakipungua. Je, walikufa, walivuliwa, ama walijificha? Chombo hakimwoni samaki aliyelala karibu kabisa na sakafu, wala meli kubwa haiwezi kuingia katika maji haba ya pwani. Katika miezi ambayo maji ya chini hayana hewa ya kutosha, sangara hupanda. Katikati ya mwaka, maji yakichanganyika, aweza kushuka mpaka chini. Kwa hiyo idadi ya Agosti na idadi ya Februari hazipasi kulinganishwa bila hadhari, na mimi sioni haki kumlaumu mvuvi, wala kumwondolea lawama, kwa safari moja ya meli. Hesabu kama hizi, pamoja na za nyavu na za mialoni, ndizo zinazotegemewa katika kuamua ukubwa wa samaki aruhusiwaye kuvuliwa; na uvuvi wa omena ukifungwa Kenya kuanzia Aprili hadi Julai, bei yapanda Gikomba.

Ndiyo maana watafiti hukisahihisha chombo chao kabla ya kukiamini. Huteremsha chini ya meli gololi ya shaba au ya madini mengine magumu, iliyoning'inizwa kwa nyuzi nyembamba, ambayo mwangwi wake wajulikana barabara. Huisogeza polepole ndani ya ile pia ya sauti, huku mmoja akisoma na mwingine akishika nyuzi. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi, na upepo ukivuma huanza upya.