Tura na mizani ya msaada

Ndugu wakulima, zamani misafara ya nguo na shanga ilitoka pwani, ikavuka pori kavu la Mgunda Mkali, ndipo ikaingia Tura, mlango wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Wapagazi walifika na njaa, na mwenye nafaka aliwauzia. Safari ilikuwa ya wengine, lakini mkulima naye alipata chake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Treni haina haja ya mtama wa njiani. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za kuimarisha reli ya Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, ili pia mizigo ya Rwanda na Burundi ipite upesi. Twauita msaada, kumbe ni mkopo wa masharti nafuu, utalipwa.

Tuupimeje basi? Wataalamu huhesabu siku na tani. Sawa, na wahesabu. Lakini waulize pia: gunia la mkulima wa Tura limepata behewa? Limeuzwa wapi, kwa bei gani? Njia isiyopakia kitu njiani, ndugu zangu, ni mrija tu.