Van Deventer: mpiga mizinga wa Kikaburu katika vita vya Masasi na Newala

Jacob Louis van Deventer, ambaye mwaka 1917 alikuwa amiri wa majeshi ya Uingereza yaliyopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki, alizaliwa mwaka 1874 huko Ficksburg, Afrika Kusini, akatumikia kikosi cha mizinga cha Transvaal, iliyokuwa jamhuri ya Makaburu, na katika vita vya mwaka 1899 hadi 1902 alipigana na Waingereza walewale ambao baadaye walimpa cheo cha jenerali na heshima ya kuitwa Sir. Jeraha la kooni alilolipata katika vita hivyo lilimwachia sauti ya kukwaruza maisha yake yote.

Mwaka 1916 aliongoza wapanda farasi hadi Kondoa Irangi, lakini farasi walikufa kwa wingi kwa nagana, yaani maradhi yanayoenezwa na mbung'o, na kuanzia hapo vita vikategemea mabega ya watu. Mzinga hauna faida pasipo makombora, na katika nchi isiyo na barabara wala wanyama wa kukokota, makombora hayo, pamoja na chakula cha askari, yalibebwa na wapagazi. Waingereza waliwatumia wapatao milioni 1 katika kampeni nzima, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Mzigo huo ulielemea sana Kusini. Mnamo Oktoba 1917, huko Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, majeshi ya van Deventer yalipoteza watu wapatao 2,700 kwa siku nne. Wajerumani walirudi nyuma hadi Uwanda wa Makonde, ambako maji hufuatwa mbali, chini mabondeni, wakapita Newala na kuvuka Ruvuma tarehe 25 Novemba. Kufikia hapo mizinga 10 ya meli yao Königsberg, iliyozama Rufiji mwaka 1915, ambayo walikuwa wakiitumia nchi kavu, ilikuwa imekwisha yote.

Van Deventer alifariki mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 48. Jina lake limehifadhiwa vitabuni, ilhali wapagazi waliomwezesha kushinda hawatajwi hata kwa ukoo. Kwa hiyo shule za Masasi na Newala zingefanya jambo la haki kuwauliza wazee na kuyaandika majina ya wapagazi hao, angali yupo wa kuyataja.