Idhini ya Kielektroniki ya Kusafiri: Mfumo Uliojengwa Tarehe Ikiwa Imekwisha Kutangazwa

Idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ijulikanayo kwa kifupi kama eTA, ni kibali ambacho mgeni anayekuja Kenya hukiomba mtandaoni kabla ya kuondoka kwao. Kibali hicho kilichukua nafasi ya viza mapema mwezi wa Januari 2024. Huombwa kupitia tovuti ya serikali, etakenya.go.ke, au kwa programu ya simu, na maafisa wa uhamiaji huyapitia maombi kabla mgeni hajapanda ndege, badala ya kumsubiri uwanjani.

Safari ya mfumo huu mbele ya umma ilikuwa fupi. Tarehe 28 Oktoba 2023, akiwa Brazzaville katika mkutano wa kilele kuhusu mabonde matatu ya misitu ya mvua, Rais William Ruto alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo Mwafrika hatahitaji viza kuingia Kenya. Tarehe 12 Desemba, katika sherehe za Siku Kuu ya Jamhuri jijini Nairobi, aliipanua ahadi hiyo kwa wageni wa dunia nzima kuanzia Januari, akieleza kuwa jukwaa la kidijitali lilikuwa limeandaliwa ili kila msafiri atambuliwe mapema. Baina ya tangazo hilo na siku maombi yalipoanza kupokewa hazikupita wiki nne, tena zikiwa na Krismasi na Mwaka Mpya ndani yake, kipindi ambacho hoteli za Pwani hujaa wageni.

Nchi nyingine zilijipa nafasi kubwa zaidi. Marekani iliufungua mfumo wake wa ESTA kwa hiari mwezi wa Agosti 2008 na kuufanya wa lazima tarehe 12 Januari 2009. Uingereza ilianza na raia wa Qatar mwezi wa Novemba 2023, ikaongeza mataifa kwa awamu, na Wazungu wa bara Ulaya wakafikiwa Aprili 2025. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya mfumo wake wa ETIAS mwaka wa 2018 kwa matumaini ya kuuanzisha mwaka wa 2021, kisha ukauahirisha zaidi ya mara moja. Kenya haikuwa na awamu: karibu mataifa yote yaliingia kwa pamoja, na viza ya kielektroniki iliyokuwa ikitolewa tangu mwaka wa 2015 ikafungwa.

Muda unapobana, swali la kwanza la mbunifu huwa ni kipi kisichoweza kukosekana siku ya kwanza. Kwa kibali cha kusafiri majibu ni machache: mfumo umtambue mtu kwa usahihi, upokee malipo, na umpe jibu analoweza kulionyesha kwa shirika la ndege.

Utambuzi ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja ukiwa na nafasi 44, iliyopangwa kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Ndani yake mna tarakimu za uhakiki: kila herufi au tarakimu ya namba ya pasipoti hupewa thamani, ikazidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, jumla ikagawanywa kwa 10, na baki ndiyo tarakimu inayoandikwa mwishoni. Kamera ya simu ikiisoma mistari hiyo, programu hugundua papo hapo pale ambapo herufi O imedhaniwa kuwa sifuri. Mgeni anayejaza kwa mkono hana kinga hiyo, na kosa la tarakimu moja huweza kuonekana kwa mara ya kwanza mbele ya kaunta ya ndege, saa chache kabla ya safari.

Malipo nayo yana mtego wake. Mtandao ukikatika baada ya benki kutoa fedha lakini kabla ya tovuti kupata taarifa, msafiri huona kama hakulipa, naye hulipa tena. Mfumo uliobuniwa vyema huyapa maombi namba moja isiyobadilika, ukaiuliza benki kabla ya kudai malipo mengine. Kazi ya namna hii haionekani kwenye skrini, na ndiyo rahisi kuachwa wakati tarehe inapokaribia.

Yale yanayoahirishwa hayapotei, ila mzigo wake humwangukia mtumiaji. Ada ya kwanza ilikuwa dola 30 za Marekani kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, na kila msafiri alihitaji idhini yake. Raia wa baadhi ya nchi za Afrika ambao awali waliingia bila viza wala malipo walijikuta sasa wakijaza fomu na kulipa, jambo lililozua malalamiko halali, kwa kuwa ahadi ya Brazzaville ilikuwa imewalenga wao. Mwezi wa Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kuwaondolea raia wa karibu nchi zote za Afrika sharti hilo, isipokuwa Somalia na Libya kwa sababu za kiusalama. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamesamehewa tangu mwanzo, sawa na wenye pasipoti halali za Kenya.

Jambo jingine huzuka kwa tovuti yoyote ya serikali inayozaliwa ghafla. Anwani mpya haina historia katika mitambo ya utafutaji, hivyo anayetafuta kibali kwa haraka huweza kukutana kwanza na tovuti za madalali zilizopambwa kwa bendera na nembo, zinazotoza zaidi kwa kazi ileile. Kinachotofautisha ni mwisho wa anwani: go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali ya Kenya pekee.

Mwananchi anayengoja ndugu mwenye pasipoti ya nchi ya nje amkumbushe kuomba angalau siku tatu kabla ya safari. Maombi hupokewa hadi miezi mitatu kabla. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu tarehe ya kuwasili, na jina liandikwe kama lilivyo ndani yake, hata kama nyumbani anaitwa kwa jina jingine. Picha ya uso, ratiba ya kuja na kuondoka, na uthibitisho wa mahali atakapolala viwe tayari kabla ya kufungua fomu.